Sura ya Saba: Kengele ya Ituri na Simba wa Bulawayo

Katika msitu wa Ituri, kaskazini mashariki mwa Kongo, mbwa huvalishwa kengele ya mti kabla ya kwenda mawindoni. Wambuti wanaowinda kwa nyavu hutandaza nyavu zao vichakani kwa umbo la nusu duara, kisha wanawake na watoto huingia upande wa pili wakipiga kelele ili kuwakurupusha funo na paa waliojilaza. Mbwa hutangulia. Msitu umefunga kiasi kwamba hatua chache tu mbele yako huoni kitu, na mbwa mwenyewe habweki. Asipovaa kengele, hakuna atakayejua yuko wapi wala mnyama amekimbilia upande gani. Wawindaji husikiliza ule mgongano wa mti kwa mti shingoni mwake, na kwa mlio huo tu wanajua wakaze wavu wapi.

Mbwa wa asili hiyo leo analala kwenye makochi ya watu London na Chicago, na huko anaitwa Basenji. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulisikia neno lililojificha ndani ya jina hilo. Ba- ya Kilingala ni wa- yetu. Basenji ni washenzi, na mbwa huyu ni mbwa wa washenzi, yaani wa watu wa vijijini waliodharauliwa na aliyelitamka neno hilo. Jina hili linaniudhi. Mnyama aliyelelewa na kuchujwa kwa vizazi visivyohesabika na wawindaji hodari kuliko wengi duniani ameandikwa tusi katika daftari za vyama vya mbwa. Lakini ndilo jina lake, na ukitaka kumtafuta utalazimika kulitaja.

Mwenzake nitakayemlinganisha naye katika sura hii ana mzigo wake wa jina. Rhodesian Ridgeback amebaki na jina la nchi iliyokwisha kufutwa kwenye ramani. Leo ni Zimbabwe. Sehemu ya pili ya jina inasema ukweli: ni mbwa mwenye tuta mgongoni. Kuanzia nyuma ya mabega hadi karibu na nyonga, manyoya yake huota kinyume, yakielekea kichwani badala ya mkiani, na kufanya ukanda ulioinuka ambao hata mtoto akipitisha kiganja gizani atautambua.

Nimewachagua hawa wawili kwa sababu wote ni wa bara letu, wote wamo katika kundi la mbwa wa kuwinda kwenye orodha za wafugaji wa Marekani na Uingereza, na kwa sababu watu huniuliza habari zao kwa pamoja kana kwamba tofauti yao ni kimo tu. Kimo kweli kinatofautiana. Basenji dume husimama sentimita 43 begani na kuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Ridgeback dume hufika sentimita 63 hadi 69, na uzito wake unazidi kilo 36. Lakini kuna familia zilizochagua kwa kimo zikajuta. Kinachoingia sebuleni pamoja na mbwa ni kazi aliyochaguliwa kuifanya na mababu wa wale waliomfuga.

Kazi ya Ridgeback ilianzia kusini kabisa. Wakhoikhoi, wafugaji wa ng'ombe na kondoo wa Rasi ya Tumaini Jema, walikuwa na mbwa wakakamavu wenye manyoya yaliyogeuka mgongoni. Walowezi wa Kizungu waliwachanganya na mbwa wao waliotoka Ulaya. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka majike wawili wenye tuta hadi misheni ya Hope Fountain karibu na Bulawayo, na huko mwindaji Cornelius van Rooyen akawazalisha na mbwa wake. Alitaka mbwa wa simba. Hakuna mbwa anayemuua simba, na van Rooyen hakumtafuta mbwa wa namna hiyo. Alimtafuta atakayemwona simba, amzunguke, amkere, amkwepe kucha, na kumshikilia mahali pamoja mpaka mtu mwenye bunduki afike. Mbwa aliyejitupa juu ya simba hakurudi jioni. Mwoga alirudi mapema mno. Aliyebaki kuzaa ni yule aliyejua kupima, mwenye moyo lakini pia mwenye subira, na ambaye muda wote sikio lake moja lilikuwa kwa binadamu anayekuja nyuma. Mwaka 1922 Francis Barnes aliwaita wenye mbwa hao Bulawayo, wakaandika vigezo vya aina hii kwa kuanzia na vile vya Dalmatian, mbwa mweupe wa madoa.

Sasa waweke wawili hawa pamoja. Mmoja alitangulia peke yake msituni, akaamua mwenyewe apite wapi, na mtu akamfuata kwa kusikiliza. Mwingine alisimama uso kwa uso na hatari akimsubiri mtu. Tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza utakapomwita ndani ya nyumba yako.

Basenji ukimwita atakutazama. Paji lake la uso lina makunyanzi yanayomfanya aonekane kama mzee anayetafakari jambo zito, na ni kweli anatafakari: anapima kama kuja kwako kuna faida kuliko mjusi aliyeko dirishani. Stanley Coren, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu akili za mbwa, alimpa nafasi ya 78 katika orodha yenye nafasi 79 kwa utiifu wa kazi. Watu wakasoma orodha ile kama orodha ya wajinga. Mimi naikataa tafsiri hiyo. Mbwa anayejifunza kufungua kabati kwa kumtazama mama wa nyumba, anayepanda uzio wa wavu kama paka, anayekumbuka mahali ulipoficha nyama wiki iliyopita, hana upungufu wa akili. Hakuumbwa kungoja amri, basi. Kwenye Ituri, anayengoja amri angewakosesha watu kitoweo.

Na kimya chake? Hapa wengi hudanganyika. Habweki kama mbwa wetu wa uani, lakini si bubu. Umbo la koo lake linampa sauti nyingine: mlio unaoanzia chini, ukapanda na kujikunja, mfano wa kigelegele kinachotolewa na mtu aliyefunga mdomo nusu. Akifurahi hupiga kigelegele hicho. Akiachwa peke yake akakasirika, hulia kwa sauti ambayo jirani wa ghorofa ya tatu atadhani ni mtoto anayeteswa. Aliyemnunua kwa ajili ya ukimya wa nyumba ya kupanga na aulize kwanza atakuwa kazini saa ngapi kwa siku.

Safari yake ya kutoka Afrika inaonyesha jinsi alivyo mgumu na dhaifu kwa wakati mmoja. Wa kwanza walionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts, London, mwaka 1895, na hawakukaa muda mrefu wakafa kwa distempa, ugonjwa wa mbwa ambao kinga zao hazikuwahi kuujua. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting alichukua sita kutoka Sudani. Wote wakafa baada ya kupewa chanjo ya ugonjwa huohuo. Ni katika miaka ya 1930, kwa juhudi za Olivia Burn, ndipo waliposhika mizizi Uingereza, na walipoonyeshwa Crufts mwaka 1937 watu walijazana kumwona mbwa asiyebweka. Uzao wa Ulaya na Marekani ukatokana na wachache sana. Nitarudi kwenye uchache huo, maana umeacha deni.

Kuhusu watoto, tuna ushahidi mzuri kuliko kawaida. Kuanzia miaka ya 1940 wanasayansi wawili, John Paul Scott na John Fuller, walifuga mbwa wa aina tano katika maabara ya Jackson huko Bar Harbor, jimbo la Maine, na Basenji alikuwa mmojawapo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1965. Waliona kwamba watoto wa Basenji wakiwa na wiki tano hivi walimkimbia mtu, wakajibanza pembeni, na wakishikwa walijaribu kung'ata, wakati watoto wa Cocker Spaniel wa umri uleule walijikunyata kwa upole. Ungesema hawa ni wa mwituni. Lakini walipopewa wiki chache za kushikwa na kuchezewa, woga ule uliyeyuka haraka. Waligundua pia kwamba kuna dirisha, kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi, ambamo mtoto wa mbwa yeyote hujifunza nani ni wa kwao. Likifungwa, kulifungua tena ni kazi ya miaka.

Wahenga wetu wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mbwa msemo huo ni kweli kwa masharti ya wiki hizo chache, na kwa Basenji masharti ni makali zaidi. Aliyelelewa pamoja na kuku uani, bila mkono wa mtu hadi miezi minne, hatakuwa mchezaji wa mtoto wa miaka mitatu hata ukimpenda namna gani. Aliyezoeshwa mapema atawapenda watoto, lakini kwa heshima: anapenda kufukuzana, hapendi kubebwa, atalala mguuni pako jioni, ila mtoto akimkumbatia shingo kwa nguvu akiwa usingizini ataguna, na asiposikilizwa ataonya kwa meno. Kwa hiyo sioni kama anafaa nyumba yenye mtoto anayetambaa. Watoto wa miaka minane na kuendelea, wanaoelewa neno "mwache alale," watapata kwake rafiki wa ajabu, msafi, anayejilamba mwili mzima kama paka, asiye na harufu, na anayechukia mvua kiasi cha kusimama mlangoni akikutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeileta.

Ridgeback ni habari nyingine kabisa. Jirani yetu wa zamani kule Moshi alikuwa na mmoja, jike, rangi ya ngano iliyoiva. Kilichonishangaza kwa mnyama yule ni uzito wa mapenzi yake, nao ni uzito halisi wa kilo. Alikuwa na desturi, kama wengi wa aina yake, ya kuja taratibu na kukuegemea kwa ubavu mpaka usogee. Watoto wa nyumba ile walisomea mgongoni mwake. Sikumsikia akibweka zaidi ya mara chache kwa mwaka, na alipobweka watu wazima waliacha walichokuwa wakifanya wakatoka nje.

Huo ndio uzuri wake: ni mlinzi asiyehitaji kufundishwa ukali. Kwa mgeni hana haraka. Husimama kati ya mgeni na watoto, akasubiri kuona utamfanyia nini mgeni huyo. Lile sikio la mbwa wa van Rooyen bado lipo. Lakini usidhani upole huo unakuja bure. Katika mwaka wake wa kwanza Ridgeback ni kijana mwenye mwili wa mtu mzima na akili ya mtoto. Atamwangusha mtoto wa miaka minne kwa kumfurahia tu. Ataiba ugali mezani bila kuinua miguu ya mbele, kwa sababu kidevu chake kinafika. Akifundishwa kwa kipigo hununa, huharibika, hupoteza ule uaminifu uliokufanya umtafute. Akiachwa bila mafundisho, hakuna mtu mzima wa kawaida atakayemshikilia kwa kamba siku atakapomwona mbuzi anakimbia. Na anakula. Familia inayopima unga wa mwezi kwa kikombe ifikirie jambo hilo kabla, si baada.

Kuna jambo moja katika historia yake ambalo sitalipita haraka. Si kila mtoto wa Ridgeback huzaliwa na tuta. Katika uzao huohuo, wa mama mmoja na baba mmoja, hutokea mmoja au wawili wenye mgongo laini. Kwa miaka mingi wafugaji wengi waliwaua watoto hao siku za kwanza, maana vigezo vilisema mbwa wa aina hii lazima awe na alama. Mwaka 2007 watafiti walichapisha chanzo chenyewe katika jarida la Nature Genetics: tuta linatokana na kipande cha vinasaba kilichojirudia, chenye jeni zinazoongoza ukuaji wa mtoto tumboni. Kipande hichohicho ndicho kinachomweka mbwa katika hatari ya kuzaliwa na kijishimo chembamba kinachoanzia kwenye ngozi ya mgongo na kuzama ndani, mara nyingine hadi karibu na uti wa mgongo. Kijishimo kikiingiwa na vijidudu hutunga usaha, na tiba yake ni upasuaji. Aliyerithi kipande hicho kwa wazazi wote wawili yuko hatarini zaidi ya aliyekipata kwa mmoja.

Tafakari maana yake. Watoto waliouawa kwa kukosa tuta ndio waliokuwa salama na kasoro ile. Mwaka 2008 filamu ya BBC iliyoitwa Pedigree Dogs Exposed ilileta suala hili mbele ya umma wa Uingereza, na ghadhabu ya watu ikawa kubwa. Mtu anayetafuta mbwa wa familia, asiye na nia ya maonyesho, na aulize kama kuna mtoto asiye na tuta. Moyo wa kumsubiri mtu mbele ya hatari haukai kwenye manyoya.

Deni la Basenji, lile la kuanzia na mbwa wachache, limekuja kupitia figo. Kuna ugonjwa uitwao Fanconi, ambao humfanya mbwa apoteze sukari na madini kwenye mkojo. Utamwona anakunywa maji bila kukoma na anakonda. Siku hizi kuna kipimo cha vinasaba, kwa hiyo mfugaji mwaminifu hatakosa cheti cha baba na cha mama. Wafugaji wa Marekani walijaribu pia kuongeza damu: mwaka 1990 walifungua daftari lao kwa mbwa walioletwa moja kwa moja kutoka Afrika, baadhi yao kutoka Kongo, iliyokuwa ikiitwa Zaire. Damu iliyotafutwa kuokoa mbwa wa makochi ilitoka kwa mbwa walewale wa vijijini waliobandikwa jina la tusi. Jike wa Basenji, kwa kawaida, huingia joto mara moja tu kwa mwaka, si mara mbili kama mbwa wengine, kwa hiyo anayemtaka mtoto huenda akangoja msimu mzima. Ridgeback kwa upande wake ana kifua kirefu, na mbwa wa kifua hicho wako kwenye hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda. Ukimwona amevimba tumbo na anataka kutapika asiweze, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Kwetu Afrika Mashariki Ridgeback si mgeni. Kenya hasa, kwenye nyumba zenye ua mpana pembezoni mwa Nairobi na kwenye mashamba, si ajabu kumkuta. Basenji mwenye cheti ni nadra, ingawa anayesafiri mashariki mwa Kongo atakutana njiani na mbwa wadogo wekundu, masikio wima na mkia uliojikunja, ambao ni ndugu zake bila karatasi.

Ua ndio swali la kwanza kwa wote wawili. Basenji anahitaji uzio usiopandika. Ridgeback anahitaji nafasi ya kukimbia mbio za kweli kila siku, si kutembezwa kwa adabu hadi dukani. Kuku wa jirani wako hatarini kwa wote. Kwa familia za Kiislamu zinazofuata madhehebu ya Shafi, kama wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, lakini mbwa wa ulinzi na wa mawindo ana ruhusa yake. Katika nyumba ya namna hiyo Ridgeback mwenye banda zuri barazani anaweza kuishi kwa heshima, mradi asifungwe mnyororo na asinyimwe watu. Basenji akiwekwa nje ataharibika. Anataka kitanda, na anakitaka kikiwa na joto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takriban asilimia 40 ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Mwanao akiumwa na mbwa yeyote, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha linaonekana dogo.

Basi nani kwa nani? Kwa nyumba yenye watoto wadogo, ua, na mtu mzima mmoja anayepata saa moja asubuhi na nyingine jioni, ningemchukua Ridgeback jike, bila kusita, na kama ningempata asiye na tuta ningefurahi zaidi. Kwa wenzi wanaoishi ghorofani na watoto waliokwisha kwenda sekondari, watu wanaopenda mnyama mwenye msimamo wake na wasioona aibu mbwa wao akikataa kuja mbele ya wageni, Basenji atawapa miaka kumi na mitatu, hata kumi na minne, ya kutochoshwa. Ridgeback mara nyingi huishia kumi au kumi na miwili, na watoto waliosomea mgongoni mwake watamlilia wakiwa bado nyumbani. Hilo nalo mzazi alijue mapema.

Siku ya kwenda kuwaona watoto wa mbwa, omba kwanza uonyeshwe mama. Usikubali kuambiwa yuko kwingine. Kaa chini sakafuni, nyamaza, usimwite yeyote. Kwa Ridgeback, tazama kama mama anakusogelea, anakunusa na kurudi kulala karibu na wanawe. Kwa Basenji, angalia saa yako: mtoto atakayekaa pembeni akikuchunguza, kisha baada ya dakika kumi akaja mwenyewe kugusa kiatu chako kwa pua, huyo ameshikwa na mikono ya watu. Yule anayejibanza ukutani mpaka unaondoka, ingawa ndiye mzuri kuliko wote kwa rangi, mwachie mtu asiye na watoto.